Habari za Bushiri bin Salim na Utenzi wa Kutamalaki Mrima

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye ufalme usioondoka, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad. Hizi ni habari za Bushiri bin Salim al-Harthi, mtu wa Pangani, aliyepigana na Wadachi katika Mrima mwaka 1888 na mwaka 1889, hata akanyongwa. Jina lake halijapotea toka Tanga mpaka Kilwa, lakini walijualo wengi ni jina na kitanzi tu, na yaliyo baina ya hayo mawili wameyasahau. Pamoja na habari zake zitatajwa habari za utenzi uliotungwa kwa ajili ya vita vile, kwa kuwa vita vyenyewe vilikwisha kwa miezi kumi na sita, na utenzi ungaliko.

Bushiri alikuwa katika Maharthi, na Maharthi ni kabila kubwa katika Waarabu wa Omani. Wao husema kwamba walitangulia kufika pwani hii kabla ya Mabusaidi, na kwa sababu hiyo enzi ya Unguja hawakuiona kuwa ni enzi juu yao, bali waliiona kama mgeni aliyekuja usiku na asubuhi akajiita mwenye nyumba. Mwaka 1859, miaka mitatu baada ya kufa Sayyid Said bin Sultan, Maharthi walishirikiana na Sayyid Barghash kumpinga nduguye Sayyid Majid. Waingereza wakamsaidia Majid, wale wakashindwa, na Barghash akapelekwa Bombay kukaa huko. Hatta mwaka 1870 Majid akafa, na yule aliyefukuzwa akaketi katika kiti cha yule aliyemfukuza. Maharthi hawakupata faida kubwa kwa hayo. Mfalme akisha kaa kitini huwasahau waliomshika mkono alipokuwa chini.

Bushiri alikaa Pangani, mbali na macho ya Unguja. Alikuwa na shamba la miwa kando ya mto, na sukari ya Pangani siku zile ilikuwa mali kubwa. Miwa ile ililimwa na watumwa, na vinu vilisukumwa na watumwa, na msomaji asidhani kwamba vita vya Bushiri vilikuwa vita vya kumkomboa kila mtu. Alikuwa bwana katika mabwana wa zamani zake, na alitaka abaki bwana. Haifai kumpamba kwa nguo asizozivaa. Lakini haifai pia kumvika nguo walizomshonea adui zake, waliomwandika kuwa ni mwuza watumwa basi, kana kwamba watu elfu nyingi wa Mrima walichukua silaha kwa sababu ya biashara ya mtu mmoja.

Sasa na itajwe hali ya Mrima ilivyokuwa. Enzi ya Unguja katika bara hii ilikuwa nyembamba. Ilikuwa ni bendera nyekundu, na liwali, na nyumba ya forodha, na askari wachache walioitwa viroboto. Nyuma ya hayo mji ulikuwa wa majumbe na mashomvi na wenye vyeo vyao, nao walikuwa na ada zao na haki zao kwa kila msafara uliopita. Pembe zilishuka Bagamoyo, na Saadani, na Pangani. Wapagazi wakaingia kwa maelfu katika msimu. Kila mwenye jina akapata chake. Sultani alipewa heshima yake na hutuba ikasomwa kwa jina lake, na yeye akawaacha watu na mambo yao. Ufalme wa namna hii hudumu maadamu hakuna ajaye kuupima kwa kamba.

Wapimaji wakaja. Mwaka 1885 manowari za Wadachi zilitia nanga mbele ya jumba la Sayyid Barghash, mizinga ikaelekezwa mjini, naye akakubali waliyoyataka katika bara. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi wakakaa kitako Ulaya wakagawanya nchi, wakamwachia Sultani ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda ndani. Barghash ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, akaleta maji ya mabomba mjini, akanunua meli zake mwenyewe. Katika Masultani wa Unguja hakuna aliyeonekana na fahari kumzidi. Akafa mwezi wa Machi 1888, Rajab 1305, na nchi ya baba yake karibu yote imekwisha toka mkononi mwake. Na lile jumba la Ajaib, ambalo watu walidhani litasimama daima, upande wake mmoja ulianguka mwezi wa Desemba 2020.

Baada yake akatawala nduguye, Sayyid Khalifa bin Said. Haukupita mwezi mmoja na siku chache ila alitia mkono wake katika mkataba wa tarehe 28 Aprili 1888, wa kuwapa Kampuni ya Wadachi usimamizi wa pwani yote, toka Mto Umba mpaka Ruvuma, na ushuru wa forodha wakusanye wao. Bendera yake ilikuwa ibaki, na hukumu ilikuwa iwe kwa jina lake. Wadachi walikuwa waanze kazi katikati ya mwezi wa Agosti.

Akida wa Kampuni katika Pangani alikuwa kijana aitwaye Emil von Zelewski. Huyu alitaka bendera ya Kampuni isimamishwe pamoja na ya Sultani, na Liwali Abdulgawi bin Abdallah awe chini ya amri yake. Liwali akakataa, kwa kuwa hakupata barua ya kumwamuru hivyo. Zelewski akaita manowari Carola, na askari wa baharini wakashuka pwani. Siku zile zilikuwa siku za Idi ya Mfunguo Tatu 1305. Wakaingia katika msikiti wa Ijumaa kumtafuta Liwali, wakaingia na viatu vyao na mbwa wao. Liwali alikuwa amekwisha kimbia. Hawakupata mtu, lakini walilolipata ni kubwa kuliko mtu, maana toka siku ile hapana mjumbe wala kadhi aliyeweza kuwaambia watu wa Pangani wanyamaze. Ushuru watu wangaliuzungumza, na bendera wangaliizungumza.

Mwanzo wa Septemba watu wa mji na watu waliotoka mashamba na bara wakamfungia Zelewski na wenziwe katika nyumba yao. Unguja ikamleta Jenerali Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sultani, pamoja na askari. Akawatoa Wadachi salama, kisha watu wakamgeukia yeye, naye akalazimika kurudi. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba enzi ya Sultani katika Mrima imekwisha pia. Mkono uliotoa pwani kwa karatasi haukuweza tena kuishika pwani kwa upanga.

Na katika ghasia hiyo ndipo Bushiri alipotokea mbele. Hakuwa yeye aliyeuanza moto. Moto uliwashwa na wengi, kila mtu na kuni zake. Majumbe walihofia ada zao, matajiri walihofia mashamba yao, wapagazi na vijana walikuwa na hasira za njaa na dharau. Lakini kundi kubwa hutaka mtu wa kulisemea, na yeye alikuwa na ulimi, na mali, na chuki ya zamani juu ya Unguja, wala hakuwa na hofu. Wakamfuata. Muda wa miezi michache mtu aliyekuwa mwenye shamba la miwa akawa anaandikiwa barua na maadmeri.

Mwaka ule watu wake waliwakamata Wazungu wawili waliokuwa wakishuka kutoka Usambara, Hans Meyer na Oscar Baumann. Wakatiwa minyororo, wakaletwa Pangani, na Bushiri akawaacha huru kwa rupia 10,000. Siku ile maisha yao yalikuwa mkononi mwake, na ilikuwa yatosha aseme neno moja. Msomaji na aliweke jina la Meyer akilini, maana litarudi.

Vita vikaenea. Bagamoyo watu waliingia mwezi wa Septemba, na askari wa manowari Leipzig wakashuka wakawapiga, wakafa zaidi ya mia. Kilwa Wadachi wawili wa Kampuni wakauawa. Katika mwezi wa Desemba 1888 Bushiri mwenyewe akaja Bagamoyo, na mji ule, uliokuwa mlango wa bara yote na mahali ambapo mpagazi alitua mzigo na moyo, ukachomwa na kubomolewa na pande zote mbili, huku kwa mizinga ya manowari, huku kwa moto wa washambuliaji. Maelfu ya watu wakakimbilia katika uwanja wa mapadre wa Kifaransa, waliokuwapo toka 1868, na Bushiri akauacha uwanja ule bila kuugusa. Jambo hili hata adui zake walilikubali. Lakini Pugu, mwezi wa Januari 1889, wapiganaji waliishambulia misheni ya Wadachi, wakaua waliouawa na wengine wakachukuliwa mateka, kisha wakakombolewa kwa fedha.

Mwendo wa saa moja na zaidi kusini ya Bagamoyo pana Kaole. Pale ipo misikiti ya mawe na makaburi yenye nguzo, mengine ya kale sana, toka karne ya 13 ya Kizungu. Katika nguzo zile walitia mabakuli ya China kuwa pambo, na leo mahali pa mabakuli pana mashimo. Kaole ilikuwa mji wa mabwana kabla ya Bagamoyo kuwa na jina. Watu wa Bushiri walipita karibu na makaburi hayo wakienda kupigania mji mwingine.

Huko Ujerumani baraza lao likatoa marki milioni 2 mwezi wa Januari 1889, na Hermann von Wissmann akapewa kazi ya kuitiisha pwani. Akaajiri Wanubi yapata 600 huko Misri, na Wazulu kutoka upande wa Msumbiji, na wengineo, akawapa bunduki za namna mpya na mizinga midogo. Wengi katika wale Wanubi walikuwa Waislamu. Wakashuka Bagamoyo. Tarehe 8 Mei 1889 wakaishambulia boma ya Bushiri, aliyoijenga kwa miti na udongo karibu na mji, wakaivunja. Katika watu wake walikufa zaidi ya mia, na yeye akatoka salama. Kisha Saadani ikachukuliwa mwezi wa Juni, na Pangani na Tanga mwezi wa Julai.

Toka hapo mambo yake yalikwenda mteremko. Akaingia bara, akaishambulia ngome ya Wadachi ya Mpwapwa. Kisha akatafuta msaada kwa Mafiti, watu wa vita wa kusini, akashuka nao pwani katika Oktoba. Lakini Mafiti hawakujali nani rafiki na nani adui, wakateka vijiji vya Wazaramo na kuvichoma, na hapo watu waliokuwa wakimwombea dua wakaanza kumwogopa. Hili ni doa katika habari zake, na utetezi wowote haulifuti. Huko Yombo, nyuma ya Bagamoyo, Luteni von Gravenreuth akawashinda Mafiti, nao wakarudi kwao wakamwacha.

Basi akawa hana jeshi, tena hana mji. Akapita Uzigua kwa siri, pamoja na watu wachache, kisha wachache zaidi. Wadachi walikuwa wameahidi fedha kwa atakayemleta. Akafika Kwa Mkoro, kwa Jumbe Magaya, amechoka na ana njaa, akaomba hifadhi. Magaya akamkamata, akamfunga, akapeleka habari kwa Wadachi, wao wakaja wakamchukua. Akaletwa Pangani katika minyororo, katika mji uleule alimowatia Wazungu minyororo mwaka mmoja kabla yake. Tarehe 15 Desemba 1889, Mfunguo Saba 1307, akanyongwa hapo. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe.

Siku kumi na moja kabla ya hayo palikuwa na karamu Bagamoyo. Stanley alifika kutoka bara pamoja na Emin Pasha, yule aliyekuwa gavana wa Ikweta kwa dola ya Misri, mwenye askari wake na meli zake katika Mto Nili, hata waliposimama Mamahdi akakatwa na dunia. Wadachi wakamwandalia chakula na mvinyo na hotuba, wakafurahi kwamba ameokoka. Usiku ule ule akaanguka toka dirishani, ghorofani, akavunjika kichwa. Hakufa. Alikufa mwaka 1892 huko Kongo, kwa kuuawa.

Sasa ndipo habari za utenzi. Katika upande wa Tanga alikuwako mwanachuoni, Sheikh Hemedi bin Abdallah bin Said al-Buhriy. Huyu alikwisha tunga tenzi za mambo ya dini: utenzi wa kutawafu kwake Mtume, utenzi wa Seyidina Huseni bin Ali, na utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Watu wa pwani walizizoea tenzi za namna hii toka zamani; Utenzi wa Tambuka, wa vita vya Waislamu na Herekali mfalme wa Rumi, ulitungwa Pate mwaka 1728. Katika tenzi hizo mfalme mwenye kiburi husimama na majeshi yake na dhahabu yake, na mwisho wake huanguka, na waumini hushinda. Msikilizaji alikwenda kulala na moyo wake umetulia.

Hemedi alikichukua chombo hichohicho akatia ndani yake vita vya Mrima. Na hapo palikuwa na tabu kubwa, maana safari hii waliovunja heshima ya msikiti ndio walioshinda. Mtungaji mdogo angalibadili mambo, akampa Bushiri ushindi asioupata, au angaliwasifu wenye nguvu ili apate riziki. Ziko tenzi nyingine za siku zile, alizozikusanya Mdachi Carl Velten akazipiga chapa mwaka 1917 na 1918, na baadhi yake zimejaa sifa za Wadachi. Wala hapana haja ya kuwalaumu sana waliozitunga, kwa kuwa mtu aliyeona majirani zake wananyongwa huchagua maneno. Hemedi hakufuata njia hiyo wala ile. Alieleza mambo tangu wafalme wa Unguja mpaka kuja kwa Wissmann, na kushindwa akakutaja kuwa ni kushindwa.

Utenzi ule huitwa wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Msomaji na alitazame neno hili, kutamalaki. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni mzizi wa mulki na milki na Malik. Kila mtu aliyesoma chuoni, hata mtoto, ajua kwamba Malik ni jina la nani. Basi mtungaji anapowapa Wadachi neno hilo, hawapi sifa, wala hawatukani. Awapa amana ya mwenyewe, na mwenye masikio akasikia kwamba wameshika kitu kisicho chao, kama alivyokishika Khalifa, na kabla yake Barghash, na kama alivyokishika Bushiri kwa miezi michache. Hapana aliyetengwa na hukumu hiyo. Mtu aliyesoma utenzi huu akitaka shujaa wa kuabudu hatampata, na akitaka adui asiyeshindika hatampata vilevile.

Na umbo lenyewe la utenzi lina kazi yake. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vina kina chao, kinachobadilika katika kila ubeti, na kipande cha nne hurejea katika kina kimoja kinachoshikwa toka mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo katika ubeti mmoja yumo Sultani na fahari yake, na katika mwingine jemadari na mizinga yake, na katika mwingine maskini anayekimbia na watoto. Majina yabadilika, vina vyao vyabadilika, na kile cha nne chawangoja wote mahali palepale. Mwenye kusikiliza barazani, baada ya beti mia, huanza kukingojea kile cha mwisho kabla hakijatamkwa.

Kabla ya Hemedi, katika kaskazini, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi juu ya magofu ya Pate, akauonyesha moyo wake majumba ya mabwana yaliyokuwa na taa na watumishi na sasa yana popo. Kazi yake na kazi ya Hemedi si moja. Yule alisimama katika magofu ya watu waliokwisha kufa zamani, na machozi yake yalikuwa na nafasi. Hemedi aliandika moshi ungali wapanda. Al-Inkishafi ni tungo nzuri zaidi, wala hapana ajuaye mashairi atakayebisha. Lakini kuona kwamba enzi yapita, wakati mwenye enzi amesimama mlangoni na bunduki, ni jambo gumu kuliko kuliona baada ya miaka hamsini.

Yaliyokuja baada ya mwaka 1307 hayakumo katika utenzi, ila mtu anayeusoma hawezi kuacha kuyafikiri. Sayyid Khalifa alikufa mwezi wa Februari 1890, haijatimia miezi miwili tangu Bushiri kunyongwa. Mwaka huohuo Unguja ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza, na pwani ikauzwa kwa Wadachi kwa marki milioni 4. Bismarck, waziri mkuu aliyeyashika mambo yote ya Ujerumani, aliondolewa kazini na Kaisari wake Machi 1890. Zelewski, yule wa msikiti wa Pangani, aliuawa na watu wa Mkwawa huko Lugalo mwezi wa Agosti 1891, na jeshi lake karibu lote pamoja naye. Gravenreuth aliuawa Kameruni mwaka huohuo. Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana bega kwa bega na Bushiri, alisalimu amri mwaka 1890 akasamehewa; yeye na Bushiri walifanya jambo moja, mmoja akapata kamba na mmoja akapata msamaha, na sababu yake haikuwa haki bali ni siku.

Bagamoyo ikawa makao makuu ya Wadachi, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Wissmann akapewa cheo cha heshima katika ukoo wake, akawa gavana mwaka 1895, na mwaka 1905 akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mawindoni. Mwaka 1909 wakamwekea sanamu ya shaba Dar es Salaam, amesimama ameegemea upanga, na chini yake askari mweusi anamtazama. Waingereza walipouchukua mji katika vita vya kwanza vya dunia, wakaing'oa sanamu wakaipeleka Uingereza. Kaisari Wilhelm akaacha kiti chake mwaka 1918, akakimbilia Uholanzi, akafa huko. Sanamu ikarudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mwaka 1922, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo cha huko wakaifunga kamba wakaiangusha. Mahali pake Dar es Salaam imesimama sanamu ya askari toka 1927.

Hans Meyer, yule aliyekombolewa kwa rupia 10,000, hakukoma. Alirudi, na tarehe 6 Oktoba 1889, wakati Bushiri na Mafiti wanashuka kwenda Yombo, yeye alifika juu ya Kilima Njaro, mtu wa kwanza ajulikanaye kufika kileleni, akakipa kilele jina la Kaisari Wilhelm. Kikaitwa hivyo katika vitabu na ramani miaka mingi.

Utenzi wa Hemedi ulikaa katika maandishi ya mkono, kwa herufi za Kiarabu. Mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, alikuwa kadhi wa Tanga na mwenye kuandika vitabu vya nikahi na mirathi. Mwaka 1955 J. W. T. Allen aliutoa utenzi kuwa kitabu kwa herufi za Kirumi, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Miaka sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Waingereza iliteremshwa Dar es Salaam, na kilele cha Kilima Njaro kikaitwa Uhuru.